Mashine ya salfa ikigoma, tuanze na petroli

MSIMU wa kupulizia mikorosho haumsubiri mtu. Salfa ya unga hupuliziwa alfajiri, majani yakiwa na umande na upepo umetulia. Ubwiriunga ukishaingia kwenye maua, kila alfajiri inayopotea ni korosho zinazopotea. Ndiyo maana mashine ya mgongoni ikigoma kuwaka, mkulima wa Mahurunga au Kitaya huipakia kwenye pikipiki hadi kwa fundi Mtwara mjini. Analipa nauli, analipa ufundi, na siku mbili zimekwisha.

Maoni yangu ni kwamba nyingi ya safari hizo si za lazima. Injini ya mashine ya salfa, sawa na ile ya kufyekea majani, haina makuu. Inataka petroli safi, hewa na cheche.

Tuanze na petroli. Wengi wetu msimu ukiisha huiweka mashine stoo ikiwa na mchanganyiko ndani. Miezi ikipita, petroli huharibika na kuacha utando unaoziba kabureta. Mwaga yote, uchanganye mpya kwa kipimo cha kitabu cha mashine yako. Kikisema 25 kwa 1, lita 1 ya petroli inataka mililita 40 za oili ya 2T. Kukadiria kwa macho ndiko kunakoua injini.

Pili, safisha chujio la hewa, maana vumbi la salfa hulijaza upesi.

Tatu, fungua plagi. Ikiwa imelowa, injini imemeza petroli nyingi. Zima swichi, ifute plagi, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje, kisha irudishe na uwashe bila choki. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Tazama chujio la ndani ya tangi na mpira wake. Kazi hii ifanyike mbali na moto na mbali na salfa, kwani nayo hushika moto. Yote hayo yakishindikana, hapo fundi anastahili fedha yake.

Vyama vya msingi vinavyohangaikia salfa vihangaikie pia plagi za akiba na siku moja ya mafunzo kabla ya maua. Nasi wakulima, tukimaliza kupulizia tumwage petroli, tuiache injini iungurume hadi izime yenyewe. Dakika chache hizo zitatuokolea alfajiri nyingi mwakani.