Programu Huria na Mwanafunzi wa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Kitale au Bungoma anapoketi kuandika tasnifu, mara nyingi huwa na tarakilishi ya mtumba, diski mweko iliyopita mikononi mwa darasa zima, na mfumo endeshi wa Windows ambao hakuna aliyeulipia. La tatu hili halitajwi hata kidogo. Fundi wa kibandani huuweka mfumo huo kwa ada ndogo, mteja akashukuru, na mambo yakaishia hapo.

Ajabu ni kwamba wasomi hawa ndio wanaolalamika kwa sauti kuu riwaya na tamthilia zinapotolewa nakala kiholela katika maduka ya fotokopi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haitofautishi makosa hayo mawili. Katika fasili yake ya kazi ya fasihi, programu za tarakilishi zimeorodheshwa pamoja na riwaya, hadithi, mashairi na tamthilia, tena bila kujali ubora wa kifasihi wa kazi husika. Mhakiki anaweza kuicheka fasili hiyo, lakini hawezi kuikwepa: anayeiba programu ameiba kazi ya fasihi. Na wahenga walikwisha kusema, cha kuazima hakistiri makalio. Nakala hizo za magendo aghalabu huja na virusi, na tasnifu ya miaka miwili huweza kupotea kwa usiku mmoja.

Kwa mwenye mashine kuukuu, suala hili sasa limekuwa zito zaidi. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai vifaa vya ndani ambavyo tarakilishi nyingi za zamani hazina. Mwanafunzi aliye Kiminini au Kamukuywa anashauriwa basi atupe mashine inayofanya kazi! Linux haimdai hivyo. Kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds huko Helsinki mwaka 1991, na leseni yake inamruhusu mtu kukitumia, kukichunguza, kukibadilisha na kumgawia jirani. Zipo aina zake nyepesi, kama vile Lubuntu na Xubuntu, zilizokusudiwa mashine zenye nguvu haba.

Aina iliyo mashuhuri zaidi, Ubuntu, ilitolewa Oktoba 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, diski zake zilitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba. Jina lenyewe halihitaji mkalimani huku kwetu. Mbukusu asemaye omundu na Mswahili asemaye mtu wanachota katika kisima kimoja na Mzulu, na utu ndio ubuntu. Inashangaza kwamba wanaisimu wanaofundisha mnyambuliko wa mizizi ya Kibantu huuona mfumo huu kuwa mgeni, na ule wa Marekani kuwa wa nyumbani.

Hata hivyo, hoja nzito kuliko zote inahusu lugha yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 2004, mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyozungumza Kiswahili. Katika kipindi hichohicho Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, alitayarisha orodha ya maneno iliyozaa kisahihishi cha tahajia za Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows katika muongo huo, na haifai kuinyima sifa hiyo. Tofauti ni kwamba istilahi za kampuni haziwezi kurekebishwa na idara ya Kiswahili isiyoridhika nazo. Za programu huria zinaweza. Mkenya anayetaka tarakilishi badala ya kompyuta ana ruhusa ya kuandika tarakilishi na kuwapa wengine.

Ruhusa hiyo imetumiwa kidogo mno. Kilinux haikuendelea kwa kasi iliyoanza nayo, OpenOffice.org yenyewe ilifikia ukingoni mwaka 2011, na mrithi wake, LibreOffice iliyozaliwa 2010, hutegemea wafasiri wa kujitolea. Vyama vya Kiswahili huandaa makongamano kuhusu uundaji wa istilahi, ilhali kazi ya istilahi iliyo wazi kwa kila mtu inakosa mikono. Kisahihishi nacho kinahitaji wanamofolojia. Kitenzi kimoja cha Kiswahili huzaa maumbo mengi sana kwa viambishi vya nafsi, njeo, virejeshi na kauli, na orodha tupu ya maneno haiwezi kuyamaliza. Ndiyo sababu neno sahihi kabisa, kama anayewasimulia, huweza kupigiwa mstari mwekundu. Hapo mwanafunzi hudhani amekosea, akaliacha neno lake.

Wapo wanaosema msimamizi atadai faili ya Word, na kwamba mashine ya kibanda cha uchapishaji mjini Bungoma itavuruga kurasa. Ni kweli kwamba majedwali na nambari za kurasa huweza kuhama. Lakini LibreOffice hufungua na kuhifadhi faili za Word, na nakala ya kuchapishwa ikihifadhiwa kama PDF haihami. Bei ya data ni kikwazo halisi zaidi, kwa kuwa mfumo mzima ni gigabaiti kadhaa. Dawa yake imo katika leseni: mmoja apakue, awanakilie wenzake wote, wala hakuna aliyevunja sheria.

Likizo ndefu moja ingetosha kwa chama cha wanafunzi kuanza. Wanaotoka Kitale wakusanye maumbo ya vitenzi yanayokataliwa na kisahihishi wanapoandika. Wa Bungoma, ambao wengi wao hurekodi ngano za Kibukusu kwa ajili ya tasnifu, waongeze istilahi za fasihi simulizi. Mhadhiri wa mofolojia ahakiki kanuni za viambishi kabla orodha haijapelekwa kwa wasimamizi wa kamusi ya LibreOffice.