Kikombe Kiunguzacho Vidole

Hebu nikuulize: wewe hupenda kunywa nini, na kwa chombo gani? Nauliza kwa sababu kila nyumba haikosi mtu mwenye kikombe chake, na ole wake atakayekigusa!

Huku Mnarani, kusini mwa kivuko cha Kilifi, kila kinywaji cha moto kina chombo chake. Asubuhi ni chai ya maziwa yenye iliki, ya kuteremshia mahamri na mbaazi. Hiyo ni ya kikombe kikubwa chenye mkono. Yasipokuwapo maziwa, hunywewa chai ya mkandaa, iliyopewa jina la mti wa mikokoni ambao gome lake hutoa rangi nyekundu. Hiyo hupendeza kwa glasi, ili wekundu wake uonekane. Jioni ni zamu ya kahawa chungu yenye tangawizi, ikimiminwa kutoka kwenye dele la shaba lililokaa juu ya makaa. Huja na tende au haluwa, na chombo chake ni finjani, kile kikombe kidogo cha kaure kisicho na mkono.

Kaure si mgeni katika pwani hii. Matajiri wa kale walipanga bakuli za Uchina katika vidaka vya kuta zao, na kwenye kaburi la mnara kule Mambrui, kaskazini ya Malindi, bakuli hizo zilijengewa ndani ya mnara wenyewe.

Lakini mbona finjani haina mkono? Ishike ikiwa imejaa kahawa ya moto, nawe utapata faida yake. Vidole vitakataa. Utaiweka chini, utasalimu, utauliza habari za watoto, na hapo ndipo utakapopiga funda la kwanza. Kisichoshikika hakinyweki!

Sasa tazama nyumba zetu za mjini. Chupa ya chai huhifadhi moto kwa saa nyingi. Kikombe ni cha plastiki nene, chenye mkono, hivyo kiganja hakipati habari ya moto uliomo. Baba anachelewa matatu, mwanafunzi wa bweni anasikia kengele, na chai inamezwa ikiwa bado inatokota.

Huu si mchezo, msomaji wangu. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda vikasababisha saratani ya umio, yaani ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Lawama haikuwa ya chai wala kahawa, bali ya moto wenyewe. Na saratani hiyo ni miongoni mwa zile zinazoua watu wengi hapa Kenya.

Basi tufanyeje? Tuache chai? La hasha! Mimina, kisha ngoja dakika chache. Ukiwa na haraka, ongeza maziwa baridi, au fanya kama wazee wetu: mimina chai kwenye kisahani, ipepee, ndipo unywe. Mtoto mpe kikombe chembamba, umfundishe kukigusa kwa nje kwanza. Kikimuunguza vidole, basi na asubiri.

Kungoja hakujaua mtu. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, Mnarani palikuwa mahali pa kungoja feri, na watu walivuka wakafika. Wahenga nao walinena: mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Leo jioni, kabla hujapiga funda, waulize walio karibu nawe habari za siku nzima. Wakimaliza kukujibu, chai itakuwa tayari kwa koo lako.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia kinywaji chema.