Akili ni Mali ya Maskini

Wapo watu wasemao kwamba elimu ni bahari, na bahari haina mwenyewe. Usemi huo ni mwema ukitumiwa mahali pake. Ukitumiwa pasipo pake huwa silaha ya mnyang'anyi. Kweli bahari haina mwenyewe, lakini samaki aliyekwisha vuliwa ana mvuvi wake, na amwondoleaye mvuvi samaki kikapuni haitwi mpenda elimu, huitwa mwizi. Uvumbuzi nao ni vivyo hivyo. Maarifa ni ya watu wote, bali kitu kipya ambacho mtu amekitoa katika maarifa hayo kwa kukesha na kujaribu ni chake, na haki yake yastahili kulindwa.

Ulinzi wenyewe huitwa hataza. Hataza ni hati ambayo dola humpa mvumbuzi, imkatazayo mtu mwingine kutengeneza, kuuza au kutumia uvumbuzi wake kwa biashara bila idhini. Katika Kenya hudumu miaka 20 tangu siku ya kuomba, ikiwa ada za kila mwaka zimelipwa. Haitolewi kwa upendeleo. Kitu lazima kiwe kipya ulimwenguni kote, kiwe na hatua ya ubunifu ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kwa wepesi, na kiweze kutumika katika kazi za viwanda au kilimo. Wazo tupu lisilo na umbo, nadharia ya sayansi, kanuni ya hesabu na mbinu ya kufanya biashara havipewi hataza.

Sasa wapingaji huuliza: mambo haya yamhusu nini mkazi wa Raila katika Kibera, au wa Kawangware? Hataza si ya matajiri na wageni? Nami nawajibu kwamba hakuna ahitajiye hataza kuliko mtu huyo. Tajiri akiibiwa wazo hubaki na kiwanda, fedha na wakili. Fundi wa bati wa Raila akiibiwa wazo hubaki na nyundo. Wengi wa wakazi wa Kibera hawana hati ya ardhi walalayo juu yake. Lakini sheria haimwulizi mvumbuzi kama ana kiwanja. Huenda hati ya uvumbuzi ikawa ndiyo hati ya kwanza ya mali katika ukoo wake wote. Kumwambia mtu kama huyo kwamba hataza si yake ni kumfukuza katika mlango pekee ulioachwa wazi.

Nakiri kwamba mlango huo haukuwa wazi siku zote. Chini ya sheria ya kikoloni, hataza iliyoweza kuandikishwa Nairobi ilikuwa ile iliyokwisha kutolewa Uingereza. Uhuru ulipatikana mwaka 1963, lakini akili ya Mkenya iliendelea kupiga magoti London hata sheria mpya ilipotungwa mwaka 1989. Sheria ya mwaka 2001 ilileta taasisi ya mali ya viwanda ijulikanayo kwa herufi KIPI, na Katiba ya mwaka 2010 iliiagiza dola ilinde mali ya ubunifu ya raia. Kwa hiyo hoja kwamba hataza ni ya wageni ilikuwa kweli zamani. Aishikiliaye leo anaendeleza ukoloni kwa ulimi wake mwenyewe.

Tutazame mfano ambao kila kijana anao mfukoni. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi wa Machi mwaka 2007, na Wakenya ndio walioikuza hata dunia ikastaajabu. Hata hivyo mali ya ubunifu huo ilikuwa mikononi mwa Vodafone ya Uingereza, na Safaricom iliilipa ada kwa miaka mingi. Ilikuwa mwaka 2020 ndipo Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilipoinunua. Hapo hapakuwa na wizi. Palikuwa na mkataba. Lakini somo ni chungu: kutumia kitu sana si kukimiliki, na shamba huvunwa na mwenye hati, si na mwenye jembe.

Wapingaji watanitajia jiko la udongo na bati lililoenea tangu miaka ya 1980. Jiko hilo, lililofuata mfano wa jiko la Thailand, halikufungwa kwa hataza. Mafundi wa jua kali walilitengeneza kwa hiari, na nyumba nyingi zikapunguza gharama za makaa. Mfano huo ni mzuri, nami sina ugomvi nao. Kutoa ni wema. Lakini sadaka ni ya mwenye mali anayejua thamani ya mali yake. Kilichochukuliwa gizani si sadaka. Tena hataza haifichi maarifa. Mvumbuzi hulazimika kueleza kazi yake waziwazi, maelezo hayo huchapishwa, na muda ukiisha watu wote huwa huru kuitumia.

Basi kijana avumbuaye afanye nini? Aandike kila hatua ya kazi yake pamoja na tarehe na michoro. Anyamaze kabla ya kuomba, maana maonyesho ya sayansi yamewafunua wengi kabla ya kuvaa. Sheria ya Kenya humvumilia aliyejifunua mwenyewe, mradi aombe kabla ya miezi 12 kupita. Ulaya haina huruma hiyo. Achunguze kama kitu chake ni kipya kweli. Kisha apeleke ombi lenye maelezo, michoro na madai, akijua kwamba madai ndiyo ua wa shamba: kisichotajwa humo ki nje. Kama ubunifu wake ni mdogo, iko hati nyingine ya miaka 10 isiyodai hatua kubwa ya ubunifu. Na ajue kwamba hataza ya Kenya hailindi ng'ambo. Huko huombwa mbali.

Lakini lawama yote isimwangukie kijana. Sheria isiyojulikana ni sawa na kisima kilichofunikwa. Serikali inayopenda kusifu wavumbuzi majukwaani na ipeleke maofisa wake Raila na Kawangware, ipunguze ada kwa wasio na uwezo, na ilipe wakili kwa anayeibiwa. Shule zinazotoa vikombe kwa washindi ziwafundishe kwanza kulinda walichoshinda nacho. Kikombe hushika kutu. Haki iliyoandikwa hulisha watoto.

Mtu aliyenyimwa ardhi, maji na njia bado hakunyimwa akili. Akinyang'anywa na hiyo huku sisi twaimba kwamba elimu ni bahari, tutakuwa tumemshikia mnyang'anyi taa.