Ukurasa wa Majaribio Unahitaji Ubeti

Juzi nilipeleka mashairi yangu kuchapwa katika duka dogo la stesheneri hapa Mabibo, si mbali na hosteli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kompyuta ya duka hutumia Linux. Kijana aliyenihudumia alianza kwa kutoa ukurasa wa majaribio: rangi, vistari na maneno machache ya Kiingereza. “Printa haina tatizo, mwalimu,” akaniambia.

Kisha yakatoka mashairi. Upande wa kulia kila mshororo ulikuwa umekatwa silabi ya mwisho, na kila penye ng' ritifaa iligeuka kisanduku kitupu.

Kijana hakukosea; alisoma alichopewa kusoma. Programu ilikuwa imepanga ukurasa kwa karatasi ya Marekani, yenye upana wa milimita 216, ilhali A4 yetu ina 210. Kwa mwenye kuchapa tangazo, milimita sita si kitu. Kwa mshairi, ndimo kilimo kina cha utao. Na ritifaa nayo si pambo: kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni wivu.

Wapo watakaosema kwamba ukurasa huo ni wa fundi, lugha haihusiki. Sikubali. Waingereza hujaribu maandishi yao kwa sentensi ya mbweha arukaye mbwa mvivu, kwa sababu imebeba herufi zao zote 26. Humo mna q na x tusizozihitaji, lakini hamna ng' hata moja. Kipimo cha lugha ya mwingine hakiwezi kuonyesha kasoro za lugha yako.

Programu huria hutunyima kisingizio, kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kuzibadili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu hicho hicho cha Dar es Salaam walishiriki kutupatia Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Walitafsiri menyu. Sisi washairi tushindwe kutunga ukurasa mmoja?

Naanza mimi:

Ng'ombe ameng'oa nyasi, chui akaghadhibika,
Shida ya ngoa na kasi, thawabu zikaponyoka.

Mishororo hii miwili ina mizani kumi na sita kila mmoja, na ndani yake mna ng', ng, ny, ch, gh, dh, sh na th. Ikikosekana “ka” ya mwisho, hata mtoto wa darasa la tano atajua kwamba karatasi imekata. Fundi hatahitaji rula, sikio litamwambia.

Najua haijatimia: imekosa, kwa mfano, kh, f na v. Basi, malenga wenzangu, ikamilisheni, au tungeni iliyo bora, kisha tuwakabidhi vijana wanaojua kuiingiza katika kompyuta. Mimi nitakuwa wa kwanza kuipeleka kwa yule kijana wa dukani, naye aisome kwa sauti kabla hajaniambia kuwa printa haina tatizo.