Majeruhi asiyeweza kusema: nani atoe idhini?

  

Ndugu msomaji, Imamu Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) habari ya mtu mmoja aliyekuwa safarini, akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akapatwa na janaba, naye akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayammam. Wakamjibu kuwa hawaoni ruhusa hiyo maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika mno, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza na hali hawajui. Wanazuoni wa hadithi wamezungumzia nguvu ya baadhi ya nyongeza zilizomo katika mapokezi yake, ama fundisho lake halina shaka: nia njema peke yake haimwokoi majeruhi, ikiwa anayemhudumia anatenda bila ya elimu.

Tumeianza makala yetu kwa habari hiyo kwa sababu inagusa jambo linalozikuta familia zetu kila siku. Kijana ameanguka na bodaboda, baba amegongwa na gari akivuka barabara, fundi ameporomoka kutoka juu ya jengo. Anafikishwa hospitali kichwa kimepasuka au damu inamtoka kwa wingi, wala hawezi kutamka neno. Je, madaktari wana haki ya kujaribu juu yake tiba ambayo bado inachunguzwa? Na nani atoe idhini kwa niaba yake?

Tiba iliyodhaniwa kuwa njema

Kwanza tujue kwa nini utafiti huo unafanywa. Kwa zaidi ya miaka 30, hospitali nyingi duniani zilikuwa zikiwapa majeruhi wa kichwa dawa za jamii ya steroidi, kwa dhana kwamba zinapunguza uvimbe wa ubongo. Madaktari waliozitoa walikuwa watu wema wenye kutaka kuokoa. Hata hivyo, hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuwa zinaokoa.

Watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine nchini Uingereza wakaamua kuuliza swali hilo kwa njia ya haki. Majeruhi waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa steroidi na wengine wasipewe, na wote wakapata huduma nyingine kama kawaida. Utafiti huo, uliopewa jina la CRASH, ulisimamishwa kabla ya wakati wake baada ya kuandikisha watu 10,008. Matokeo yake yalitangazwa mwaka 2004 katika jarida la Lancet. Katika kila majeruhi 100 waliopewa steroidi, takriban 21 walifariki ndani ya wiki mbili. Kwa wasiopewa, walifariki takriban 18.

Tafakari, ndugu msomaji. Kwa miongo mitatu majeruhi walikuwa wakipewa dawa iliyowaongezea mauti, na hakuna aliyejua kwa kuwa hakuna aliyeuliza sawasawa. Basi asiseme mtu kwamba kukataa utafiti ndiko salama. Tiba isiyochunguzwa nayo ni majaribio, ila ni majaribio yasiyo na daftari, asiyehesabiwa mtu aliyepona wala aliyekufa.

Dawa ya bei ndogo na muda wa saa tatu

Mfano wa pili ni wa kheri. Jeraha linapotokea, Allah (S.W.) ameujaalia mwili kuigandisha damu ili izibe palipokatika. Lakini ndani ya mwili huohuo kuna kimeng'enya kinachoyeyusha mabonge ya damu, na kwa aliyejeruhiwa vibaya huweza kufanya kazi kupita kiasi, damu ikakataa kusimama. Bibi Utako Okamoto na mumewe Shosuke, watafiti wa Japani, waligundua dawa inayozuia uyeyushaji huo, inayoitwa asidi ya traneksamiki, na wakaieleza mwaka 1962. Ilitumika kwa miaka mingi katika upasuaji na kwa wanawake wenye hedhi nzito, lakini haikujulikana kama inamfaa majeruhi wa ajali.

Utafiti wa CRASH-2, uliotangazwa mwaka 2010, uliandikisha majeruhi 20,211 katika hospitali 274 za nchi 40. Nusu walipewa dawa hiyo na nusu maji ya chumvi yasiyo na dawa, juu ya huduma yao ya kawaida. Katika kila 1,000 waliopewa dawa walifariki 145, na katika kila 1,000 wasiopewa walifariki 160. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likaiingiza dawa hiyo katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya majeruhi wanaovuja damu.

Uchunguzi wa kina wa takwimu hizohizo ulionesha jambo zito. Dawa hiyo hufaa zaidi ikitolewa ndani ya saa moja tangu kuumia, na bado hufaa mpaka kutimia muda wa saa tatu. Baada ya hapo haisaidii, bali ilionekana kuongeza vifo vya kuvuja damu. Uchambuzi wa mwaka 2018, uliojumuisha zaidi ya wagonjwa 40,000, ulibainisha kuwa kila dakika 15 za kuchelewa huipunguza faida yake kwa takriban asilimia 10.

Kwa majeruhi wa kichwa ulifuata utafiti wa CRASH-3, uliotangazwa mwaka 2019, wenye watu 12,737 kutoka nchi 29. Miongoni mwa walioumia kichwa kwa kiasi kidogo au cha wastani na kutibiwa ndani ya saa tatu, vifo vilivyotokana na jeraha hilo vilikuwa asilimia 5.8 kwa waliopewa dawa na asilimia 7.5 kwa wasiopewa. Kwa walioumia vibaya sana, tofauti haikuonekana. Kwa hiyo si dawa ya miujiza, nayo kwa majeruhi hutolewa na wataalamu wa afya. Hata hivyo, kila familia iliyonusuriwa mtu wake kwa dawa hiyo inadaiwa shukrani na majeruhi wasiojulikana majina, ambao miili yao ndiyo iliyotoa jibu.

Mzani wa sheria

Sasa tuje kwenye idhini. Uislamu umeupa mwili wa mgonjwa heshima kubwa. Katika Sahihi Bukhari, mama yetu Aisha (R.A.) anasimulia kuwa Mtume (S.A.W.) katika maradhi yake ya mwisho alitiwa dawa kinywani ilhali alikwisha kuashiria kuwa asitiwe. Waliokuwapo walidhani ni chuki ya kawaida ya mgonjwa kwa dawa. Alipozindukana aliwakemea, na akaamuru wote waliokuwamo nyumbani nao watiwe dawa ile, isipokuwa Abbas (R.A.), ambaye hakuwapo lilipotendeka. Hivyo hata ishara ya mgonjwa ina uzito.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah mwaka 1992, lilipitisha uamuzi namba 67 kuhusu matibabu. Liliamua kuwa idhini ya mgonjwa mwenye uwezo kamili ni sharti, na kwamba katika dharura inayohatarisha uhai tiba haisubiri idhini. Lakini kuhusu utafiti lilikuwa kali: masikini asishawishiwe kwa fedha, mfungwa asilazimishwe, na asiye na uwezo wa kuamua asifanyiwe utafiti hata kwa ridhaa ya walii wake. Mwaka 2006, mjini Amman, Baraza lililirudia suala la utafiti juu ya binadamu na kuliwekea dhawabiti.

Je, majeruhi aliyezimia anaingia katika katazo lile la Jeddah? Tunaloliona sisi, na Allah ndiye Mjuzi zaidi, ni kuwa kuna tofauti kati ya mambo mawili. Kumtumia asiyejitambua kwa manufaa ya wengine, hali yeye hana analolipata, ni dhuluma, na katazo linamhusu. Ama kumpa aliye katika hatari ya kufa huduma yote inayojulikana, kisha kuongeza juu yake jambo lenye matumaini ya kumfaa yeye mwenyewe, hilo liko karibu zaidi na tiba ya dharura. Hata hivyo, halihalaliki kwa dai la daktari peke yake. Asinyimwe tiba iliyokwisha kuthibiti. Kamati huru ya maadili iwe imeuchunguza utafiti wenyewe. Jamaa akiwapo aelezwe kwa ufupi na kwa lugha anayoifahamu, na akikataa isikilizwe kauli yake. Mgonjwa akizindukana aambiwe yaliyotendeka, awe na haki ya kujitoa.

Tumesema kwa ufupi, kwa sababu urefu nao huua. Watafiti wa CRASH ile ya kwanza waliporejea takwimu zao, walikuta kuwa hospitali zilizodai saini ya jamaa zilichelewa kuanza tiba kwa zaidi ya saa moja kuliko zisizodai. Kwa dawa ambayo faida yake inapungua kila robo saa, karatasi iliyokusudiwa kumlinda mgonjwa yaweza kumwangamiza.

Pale haki iliposahauliwa

Kwamba masharti hayo si maneno matupu, tutazame Marekani. Kati ya mwaka 2003 na 2006, majeruhi wapatao 720 waliingizwa katika utafiti wa kimiminika kiitwacho PolyHeme, kilichokusudiwa kushika nafasi ya damu. Sheria ya huko ya mwaka 1996 inaruhusu utafiti wa dharura bila idhini kwa masharti maalumu, na asiyetaka kushirikishwa alitakiwa avae bangili mkononi. Ni wangapi walioijua bangili hiyo kabla ya kupata ajali?

Njiani, ndani ya gari la wagonjwa, ambamo damu haikuwapo, jambo hilo lingeweza kuteteka. Lakini waliowekewa kimiminika hicho waliendelea nacho hata saa 12 baada ya kufika hospitali, ambako damu halisi ilikuwapo. Hapo ndipo lawama zilipozuka, kwa kuwa mtu alinyimwa kinachojulikana ili ajaribiwe kisichojulikana. Matokeo yalipotoka, vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 13.4 kwa waliopangiwa kimiminika hicho na asilimia 9.6 kwa wengine. Hakikuidhinishwa.

Wajibu wetu majumbani

Ndugu zangu Waislamu, tusiwaachie madaktari mzigo wote. Mazungumzo ya idhini yafanyike nyumbani wakati wa uzima. Baba na mama waseme mbele ya watoto nani azungumze kwa niaba yao wakipoteza fahamu, na wanaridhia nini. Hilo ni sehemu ya wasia, na halimharakishii mtu ajali.

Pili, tuuheshimu muda wa saa tatu. Majeruhi asilazwe nyumbani kusubiri mkubwa wa ukoo atoke safari, wala asizungushwe kwa waganga kwanza. Dua isomwe, lakini isomwe njiani kuelekea hospitali. Na daktari au muuguzi anapoleta maelezo ya utafiti, tumuulize mambo matatu: je, mgonjwa wetu atapata huduma yote ya kawaida, je, kamati ya maadili imeidhinisha, na je, tukikataa atatibiwa vilevile? Akijibu sawasawa, tusimcheleweshe.

Tatu, tutoe damu. Kimiminika cha PolyHeme kilishindwa, na damu tunayoitegemea hospitalini ingali inatoka katika mkono wa binadamu mwenzetu. Suratul Maida, katika aya ya 32, imemfananisha mwenye kuhuisha nafsi moja na aliyewahuisha watu wote. Vijana wa misikitini wangejipanga kuchangia damu kabla ya msiba, jamaa wasingehangaika usiku kutafuta chupa moja.

Tunamwomba Allah (S.W.) awaponye majeruhi wetu, awape madaktari na watafiti elimu pamoja na hofu ya kumcha Yeye, na atujaalie kuwa watu wa kuuliza kabla ya kutenda. Wabillahi tawfiq.