Garissa Nako Kuna Hazina ya Sauti

Wapo miongoni mwetu sisi watu wa mwambao ambao wakisikia jina la Garissa hawakumbuki ila jua kali, ngamia na habari za mauaji. Siwalaumu sana, kwani habari mbaya ndizo zendazo mbio. Vita vya shifta vya mwaka 1963 hadi 1967, sheria za hali ya hatari zilizodumu mpaka 1991, na shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, lililoangamiza watu 148, yote hayo ni kweli na hayasahauliki. Lakini mji hauishi kwa msiba peke yake. Garissa ina watu wenye masikio, na masikio hayo yamehifadhi kitu ambacho nachelea kitatupotea huku tunakitazama. Kitu chenyewe ni muziki uliomo katika kanda za kaseti, ndani ya masanduku ya watu wa kawaida.

Ninaye sahibu yangu huko, Msomali mzaliwa wa Garissa, muuza vitambaa. Chini ya meza yake ya duka pana masanduku mawili ya mbao. Ndani yake utamkuta Magool na Hasan Adan Samatar wa Somalia, utamkuta Juma Bhalo na Zuhura Swaleh wa kwetu Mombasa, na utakuta, ewe msomaji, kanda tatu za muziki wa ska kutoka Jamaika. Hizo za ska alirithi kwa ammi yake, aliyekuwa baharia katika meli za Waingereza na kukaa miaka mingi Cardiff. Nilipomwuliza ana haja gani na ngoma ya Jamaika, alinijibu: "Maalim, wewe sikiliza kwanza, kisha uniulize."

Nami nikasikiliza. Ska ni muziki uliozaliwa Kingston mwishoni mwa miaka ya 1950, na Jamaika ilipopata uhuru wake mwaka 1962, huo ndio uliokuwa ukivuma mitaani. Siri yake ni nyepesi kuieleza lakini si nyepesi kuipiga. Mguu unapokanyaga chini, gitaa hunyamaza. Mguu unapoinuka, gitaa hulia. Basi mchezaji hujiona kama anayenyanyuliwa kila hatua. Baadaye mwendo ule ulipunguzwa kasi, na katika miaka ya mwisho ya 1960 ukazaa rege, ambayo vijana wetu wa Mombasa wanaijua vyema.

Jambo moja litawastaajabisha wasomaji. Mmoja wa mabingwa wakubwa wa ska, Prince Buster, alikuwa Mwislamu. Alisilimu katika miaka ya 1960, baada ya kukutana na bondia Muhammad Ali, akajiita Muhammed Yusef Ali, na mojawapo ya nembo alizotolea sahani zake za santuri aliiita Islam. Alifariki mwaka 2016.

Sasa rudi Garissa uangalie ngoma ya harusi. Wasomali wa huko wana ngoma yao ya asili iitwayo dhaanto, na wengi husema kwamba mwendo wake umefuata hatua za ngamia. Wapigaji wa sasa wameitia kinanda na gitaa, na ukiisikiliza kwa makini utakuta lile lile: mlio mkali unaangukia pale mguu unapoinuka. Sidai kwamba Mjamaika alijifunza kwa Msomali, wala Msomali kwa Mjamaika. Nasema tu kwamba sahibu yangu hakupotea alipoipenda ska. Alisikia sauti ya mtu wa mbali inayofanana na ya mama yake, akaikaribisha.

Na kukaribishana huku ni jambo la zamani kwetu sote. Abdullahi Qarshe, anayehesabiwa kuwa baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924. Udi alioupiga ni ule ule unaopigwa katika taarabu yetu. Na nani kati yetu asiyejua kwamba nyimbo nyingi za marehemu Juma Bhalo zilichukua sauti za filamu za Kihindi? Hatukumwambia Bhalo kwamba ameacha asili. Tulilia naye.

Najua watakaosema: mzee huyu ameacha nyiradi ameingia katika magitaa. Haki yao kusema. Mimi nimesoma chuoni, mkeka na ubao, na najua kwamba maulamaa wamehitilafiana kuhusu ala za muziki, na kwamba wengi wa madhehebu yetu ya Shafi wameziharimisha ala za nyuzi. Najua pia kwamba Imamu Ghazali aliandika kitabu kizima juu ya usikilizaji, akapambanua yaliyo mabaya na yasiyo mabaya, na kwamba hadithi ya wasichana wawili waliokuwa wakiimba siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha imo katika Bukhari na Muslim. Mimi si mufti, na fatwa sitoi. Asiyetaka kusikiliza asisikilize. Lakini kutosikiliza ni jambo moja, na kufuta kumbukumbu za watu ni jambo jingine. Aprili 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam waliziamuru redio za Mogadishu ziache kupiga muziki, na nyingi zikanyamaza kwa kuogopea roho. Huo haukuwa mjadala wa maulamaa. Ilikuwa bunduki.

Miaka 22 kabla ya hapo, mwaka 1988, ndege za serikali ya Siad Barre ziliupiga Hargeisa mabomu. Watu wa mji ule walizichukua kanda za redio wakazificha, nyingine wakazifukia ardhini, ili zisiteketee. Leo Kituo cha Utamaduni cha Hargeysa kina kanda zaidi ya 10,000. Kutoka katika akiba hiyo ilitolewa mwaka 2017 sahani iitwayo Sweet as Broken Dates, ambayo ilipendekezwa kwa tuzo ya Grammy huko Marekani. Waliookoa mali ile walikuwa pamoja na wapenzi wa kawaida, kama huyu muuza vitambaa wangu.

Garissa haijapigwa mabomu, lakini kanda ina adui wengine. Kaseti ilizinduliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa chembe za chuma, na sauti imekaa katika chembe hizo. Joto huupinda, vumbi huukwaruza, umri huupukutisha. Garissa ina joto, ina vumbi, na kanda zile zina umri. Wajukuu wanazitupa wakidhani ni takataka, kwa kuwa nyumbani hamna tena mashine ya kuzipiga.

Rai yangu ni hii. Mwaka 1996 Maktaba ya Taifa ilianzisha huko Garissa maktaba ya ngamia, vitabu vikapelekwa kwa wafugaji huko huko malishoni. Dunia nzima ilishangilia. Maktaba iliyoweza kumbebesha ngamia vitabu haishindwi kutenga chumba kimoja chenye mashine ya kaseti na kompyuta, watu wakaja na kanda zao, zikanakiliwa, wakarudi nazo nyumbani. Waimbaji walio hai na warithi wa waliokufa waulizwe na waheshimiwe, kwani sauti ni jasho la mwenyewe. Na akina mama wa kundi la Gargar, waliotoa sahani yao iitwayo Garissa Express, nao wawekwe humo, ili isidhaniwe kwamba Garissa ni mlinzi tu wa sauti za wengine.

Tukingoja kamati tutangoja sana, na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tuanze na lililo jepesi. Kila mwenye kanda, awe Garissa, Lamu au Mombasa, na aandike juu yake jina la mwimbaji, mwaka, na mahali alipoipata, kabla hajaitwa na Mola wake. Hilo halitaki bajeti, lataka kalamu.