Anga la mashariki lina wa kulifunga, halina wa kulilinda

Tarehe 30 Oktoba 2025, mjini Paris, Rais wa Ufaransa Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa ndege wa Goma utafunguliwa tena katika wiki zitakazofuata, kwa ajili ya ndege za misaada. AFC/M23, ambao wanaushika mji tangu mwisho wa Januari 2025, walijibu kwamba uamuzi huo ulichukuliwa bila wao kuulizwa. Toka siku hiyo tumesikia mabishano mengi juu ya nani atasimamia uwanja. Lakini kuna swali moja ambalo halijaulizwa vya kutosha: ndege itakapokuwa inashuka juu ya Goma, nani atakuwa na silaha ya kuiangusha, na nani ametoa ahadi ya kutoipiga?

Wengine watasema hilo ni jambo la majenerali. Hapana. Kwetu mashariki, anga ni barabara. Mkaaji wa Shabunda anajua kwamba chumvi, sabuni na dawa vinafika kwake kwa ndege. Walikale ilizoea ndege ndogo kutua juu ya barabara pale Kilambo. Mgonjwa wa Kindu au wa Punia hawezi kungoja barabara ambayo mvua imeikata. Kwa hiyo mtu mwenye silaha ya kupiga ndege ameweka kizuizi kwenye njia yetu, hata kama hatukioni kama tunavyoona kamba na fimbo za barabarani.

Tena hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 10 Oktoba 1998, ndege Boeing 727 ya Lignes Aériennes Congolaises iliondoka Kindu. Kombora la kubebwa begani liliipiga, ikaanguka msituni. Watu wote 41 waliokuwa ndani walikufa. Waasi wa RCD walikubali kwamba ni wao walioiangusha, wakidai ilibeba askari. Upande wa serikali ulisema walikuwa raia. Kombora kama lile, SAM-7, ni chombo cha miaka ya 1960. Mtu mmoja anaweza kulibeba, na linafika karibu kilometa 4. Pima umbali huo kutoka uwanja wa Goma, ambao uko katikati ya nyumba za watu na kilometa chache tu kutoka mpaka wa Rwanda, utaelewa kwa nini rubani anatoka jasho.

Miaka hii ya mwisho hatari imeongezeka. Tarehe 24 Januari 2023, Sukhoi-25 ya FARDC ilipigwa ikiwa juu ya Goma, ikafaulu kutua ikiwa imeharibika. Wakaaji wengi waliona kwa macho au kwenye simu zao. Rwanda ilisema ilichukua hatua za kujilinda kwa sababu ndege ilivuka mpaka. Kinshasa ikakana, ikaita tendo la vita. Tarehe 5 Februari mwaka huohuo, helikopta ya Monusco ilipigwa risasi ikienda Goma, askari mmoja wa Afrika Kusini akafa. Mwishoni mwa mwezi huo, helikopta ya misaada ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Walikale ilipigwa pia, na safari zikasimamishwa kwa muda. Waliolipa ni wale waliokuwa wanangoja unga na dawa.

Kisha Februari 2024 likaja jambo kubwa zaidi. Hati ya ndani ya Umoja wa Mataifa, ambayo vyombo vya habari viliitangaza, ilieleza kwamba kombora lilirushwa kutoka ardhini kulenga droni ya Monusco ya kuchunguza, kutoka kwenye gari la kivita ambalo hati hiyo ilisema linashukiwa kuwa la jeshi la Rwanda. Tarehe 17 Februari, Marekani iliitaka Rwanda waziwazi iondoe askari wake katika nchi yetu pamoja na mitambo yake ya makombora ya kupiga ndege. Kigali ilijibu kwamba imepanga upya ulinzi wake ili kulinda anga lake lote na kupunguza nguvu za ndege za upande wa pili, kwa kuwa Congo ilipata droni za kichina za CH-4 mwaka 2023.

Tuseme ukweli wote. Kila nchi ina haki ya kulinda anga lake. Na ni kweli kwamba tarehe 7 Novemba 2022 Sukhoi yetu ilitua Rubavu. Serikali yetu yenyewe ilieleza kwamba rubani alikosea njia na ndege haikuwa na silaha. Jirani ana haki ya kulalamika juu ya hilo. Lakini haki ya kulinda anga lako inaishia kwenye mpaka wako. Kombora lililowekwa Rutshuru au Masisi halilindi anga la Kigali. Linatawala anga la Congo.

Sasa tugeuke upande wetu, maana huko pia kuna maneno ya kusema. Serikali ilinunua vitu vya kupiga: droni za CH-4, na kabla yake ma-Sukhoi. Ulinzi wa chini, ule wa kufunika uwanja wa ndege, hospitali na kambi za wakimbizi, haukupewa uzito huo. Vitabu vinavyoorodhesha silaha za majeshi ya dunia vinaonyesha kwamba FARDC inategemea mizinga ya milimita 37 ya mtindo wa 1939 na bunduki za milimita 14.5 zenye midomo minne. Silaha hizo zilitengenezwa kwa ajili ya ndege za wakati wa babu zetu. Tumenunua mkuki, tukasahau ngao. Februari 2024, jeshi liliposema kwamba droni kutoka Rwanda ilipiga uwanja wa Goma na kuharibu ndege za raia, tuliona gharama ya kusahau huko.

Zaidi ya hayo, bunduki ya 14.5 katika vita vyetu mara nyingi haitazami juu. Inafungwa nyuma ya gari, mdomo unashushwa, inapiga vilima ambako watu wanalima. Na hata ikitazama juu, risasi ambayo haikugusa kitu haibaki mbinguni. Inarudi chini, juu ya mabati. Katika mji uliojaa watu kama Goma, Bukavu au Uvira, askari anayefyatua ovyo kwa sababu amesikia mlio wa droni anaweza kuua majirani wengi kuliko droni yenyewe.

Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaosema dawa ni kununua makombora mengi haraka. Ulinzi wa anga unaanza na jicho: rada inayoonyesha kinachoruka. Unafuata sikio: mawasiliano kati ya mnara wa uwanja, jeshi na ndege za raia, ili kila mtu ajue ndege hii ni ya nani. Kisha kichwa: ofisa mmoja anayejulikana, mwenye ruhusa ya kuamuru kupiga, na atakayejibu mbele ya sheria akikosea. Mkono unaofyatua ni wa mwisho. Ukiweka kombora mikononi mwa kikosi kisicho na jicho wala kichwa, umeongeza tu watu wanaoweza kurudia ya Kindu. Na katika nchi ambamo silaha za jeshi zinaishia mikononi mwa vikundi vya msituni, kombora la begani likipotea ni msiba wa miaka.

Najua jibu la kawaida: hizo ni siri za ulinzi. Idadi ya makombora na mahali yalipo, sawa, vibaki siri. Lakini wabunge wanaopiga kura ya bajeti wana haki ya kuuliza katika kikao cha mlango uliofungwa: baada ya pesa zote zilizoenda kwenye droni, ni kiasi gani kimewekwa kulinda viwanja vya ndege vilivyobaki mikononi mwa serikali?

Kuhusu mazungumzo, ombi ni moja. Mkataba wa Washington wa tarehe 27 Juni 2025 unasema Rwanda itaondoa kile inachokiita hatua zake za kujilinda. Neno hilo ni pana mno. Askari anaweza kuhesabiwa akivuka mpaka kwa miguu, kumbe mtambo umebaki chini ya migomba. Wajumbe wetu wadai makombora ya kupiga ndege yaandikwe kwa jina lake, yaondolewe, na watu wasio wa upande wowote wahakikishe. Na AFC/M23 huko Doha waweke sahihi kwamba hawatapiga ndege ya raia wala ya misaada. Serikali iweke sahihi hiyohiyo, kwa upande wake, kwa viwanja vilivyo mikononi mwa wapinzani wake.

Bila hayo, kufungua uwanja wa Goma kutakuwa kukata utepe mbele ya kamera. Rubani hatatua kwa sababu ya hotuba ya Paris. Atatua siku atakapojua hakuna anayemlenga kutoka chini, na siku hiyo ndipo dawa zitashuka.